Misumeno ya Baba na Neno la Jirani

Mama alinipigia simu miezi minne baada ya kumzika baba, akaniambia bati la stoo limeoza, maji yanaingia, na mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Goma atapita Alhamisi. "Njoo uchague unachotaka," alisema. "Kinachobaki anabeba." Alisema kama mtu anayezungumzia vikombe vilivyopasuka, lakini sote wawili tulijua stoo ile ina nini.

Basi nikapanda basi Kigali, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea na miwani mingine ya kuitafutia ile ya kusomea, nikashuka Gisenyi. Siku hizi vibao vinasema Rubavu. Mama yangu hajawahi kuishi Rubavu hata siku moja. Ameishi Gisenyi tangu tulipofika na atafia Gisenyi. Nilipofungua mlango wa stoo harufu ilinipokea kabla ya kitu kingine chochote: petroli iliyolala, oili, na unga wa mbao uliokwisha kuwa udongo. Ilikuwa bado inaning'inia kwenye misumari, kumi na moja, pua zikitazama chini. Mikono yangu ikaanza kunuka petroli kabla sijagusa kitu. Najua hilo haliwezekani. Lilitokea.

Nazungumzia misumeno ya injini, ile ya kuangushia miti, yenye mnyororo wa meno unaozunguka ulimi wa chuma. Sisi tuliotoka Tanzania tuliiita chenso. Jirani yetu, mtu wa mwambao wa Ziwa Kivu aliyekulia kati ya Gisenyi na Goma, aliiita tronsonezi. Yeye na baba waligombania majina tangu siku ya kwanza walipokutana, na laiti wangeishia kwenye kugombania majina, leo nisingekuwa na la kuandika.

Tulikuwa tumetoka Karagwe. Babu alikimbilia huko na baba akiwa mgongoni, na baada ya vita baba akaamua kwamba tunarudi nyumbani. Nilirudi nchi ambayo sikuwahi kuondoka, kwa sababu sikuwahi kuwapo. Nilikuwa na Kiswahili cha shule ya Kagera, Kinyarwanda cha kusalimia mashangazi, na imani kubwa kwamba watoto wa mtaani kwetu wanazungumza vibaya. Walisema *mutu* na *muzuri*, wakasema *iko* kwa kila kitu kilicho hai na kilichokufa. Nilikuwa nawasahihisha. Walinipiga mara mbili, na sasa nikikumbuka naona walikuwa wavumilivu.

Usidhani, rafiki yangu, kwamba nakuletea utoto wa jua na maembe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, miaka ya wacengezi, kama tulivyowaita watu wenye silaha waliovuka mpaka na kujificha milimani. Risasi zililia upande wa Mudende, kulekule viazi vilikotoka, na mama alijua kama kesho kutakuwa na viazi sokoni kwa kusikiliza tu. Kila nyumba ilikuwa na mtu asiyetajwa. Shuleni mwalimu aliita majina na kunyamaza kidogo baada ya baadhi yake, kisha akaendelea. Watoto tulijua maswali yasiyoulizwa kama tulivyojua mashimo ya njia ya kwenda kisimani. Nikisema kwamba katika miaka hiyo kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kelele ya injini, labda utanielewa. Injini ikiwaka hukusikia kingine.

Baba alikuwa mpasua mbao Karagwe. Makambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka yalipobomolewa, yaliacha nyuma mabaki ya kila aina: sahani za plastiki, maturubai, na misumeno iliyokuwa ikilisha mioto ya watu wasiohesabika hadi ikafa. Iliuzwa katika masoko ya Goma kama chuma tu, pamoja na vipini vya majembe. Baba hakuweza kupita. Alikuwa akienda kutafuta sabuni na kurudi na msumeno usio na kamba, au wenye kamba usio na kabureta. Mama alisimama mlangoni akaangalia kilichokuja. "Wanaume wengine wanaleta samaki," alisema, kisha akaenda kutafuta kitenge cha zamani cha kutandika chini, maana alijua kinachofuata.

Kilichofuata kilichukua Jumapili nzima, tangu kutoka kanisani hadi jua kuzama nyuma ya Goma. Baba alifungua msumeno kipande kwa kipande na kuvipanga kwenye kitenge kwa mpangilio wa kuvitoa, ili arudi kwa njia ileile aliyojia. Skrubu ziliingia katika makopo ya maziwa ya unga. Pistoni ililala katika mafuta ya taa. Plagi nilipewa mimi na mswaki mkuukuu. Gasketi, ile karatasi inayokaa kati ya chuma na chuma, baba aliikata kutoka kwenye jalada la daftari langu la hesabu, na nilipofeli hesabu muhula ule nilikuwa na sababu iliyoandikwa kwa mkasi. Mwisho kabisa alishika tupa ya mviringo na kunoa mnyororo, kila jino mara tatu, si mbili wala nne, akinong'ona hesabu kama mtu anayesali rozari. Sambaza za chakula cha jioni, vile visamaki vidogo vya ziwani, zilikuwa na ladha ya petroli mpaka nikaamini ndiyo ladha yake.

Kati ya kumi na moja, mitatu ndiyo iliwahi kuwaka ipasavyo, na mitatu hiyo ilikuwa na majina. Babu ulikohoa sana kabla ya kufanya lolote, kisha ukafanya kidogo. Bibi Harusi ulikuwa mdogo, wa rangi ya chungwa iliyopauka. Ulichukua asubuhi nzima kujiandaa, lakini ukishatoka ulikwenda kwa sauti ya chini na adabu. Padri ulikuwa mkubwa, mweusi, wenye mstari mweupe shingoni, na ulihubiri. Ukiwaka, kuku walihama uwanja. Baba aliupenda Babu kwa sababu ndio aliohangaika nao zaidi. Mimi niliupenda Padri, kwa sababu nilizozitaja.

Jumamosi, kama kulikuwa na kazi, baba aliniuliza kwa heshima zote: "Leo nani?" Nami nilizunguka mbele ya ukuta nikiwa nimefunga mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule, kisha nikataja. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila mara alipovuta kamba: mikono miwili. Msumeno ukiwaka hushiki kitu kingine, hukuni kichwa, humwamkii mtu. Mikono miwili. Nilikuwa naisema pamoja naye, kama kibwagizo.

Jirani alikuja kwetu kwa sababu ya kelele. Alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, na wakati ule ziwa lilikuwa limefungwa siku nyingi kuliko lilivyofunguliwa, kwa sababu ya usalama, kwa hiyo alikaa nyumbani ng'ambo ya barabara akisikiliza mtu anayeharibu kabureta. Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia. Aliingia uani bila kubisha, akamsukuma baba kando kwa bega, akatega sikio.

"We Mutanzania," alisema, "hii tronsonezi iko nalia njaa na we unaipatia maji. Bugi yake iko wapi?"

Baba akasema haina bugi, ina plagi.

"Bon. Lete hiyo plagi yako, niiangalie kama ni bugi."

Tangu siku hiyo hawakuachana. Walifanya kazi pamoja, baba akikata, jirani akisaidia, wakitukanana kwa upole kuhusu kila kipande cha chuma. Jirani alijua injini kuliko baba na baba alijua miti kuliko jirani, na kila mmoja alijifanya hajui kwamba mwenzake anajua. Alikuwa na mke mwembamba mwenye kicheko kikubwa, na hawakuwa na mtoto. Walikuwa naye, wakasema watu, lakini lilikuwa moja ya yale maswali.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ni hadithi ya kuchekesha, na ndiyo iliyotuponza.

Siku ya kwanza jirani na mkewe kula kwetu, mama alipika maharage na viazi. Alimpakulia jirani upawa mmoja, akashika wa pili hewani, akamuuliza kwa adabu ya Karagwe: "Inatosha?" Jirani akaangalia sahani. Akaangalia upawa. Uso wake ukaingia huzuni ambayo sijawahi kuiona mezani. "Mama," alisema taratibu, "hata bado kula, unatosha?"

Mkewe ndiye aliyeelewa kwanza, akacheka hadi akashika ukuta. Katika Kiswahili chao kutosha si kuwa na kadiri inayofaa. Kutosha ni kutoa, kuondoa. *Tosha viatu*, ingia. *Tosha mutoto ku jua*. Jirani alikuwa amesikia mama akimwambia kwamba anayaondoa maharage. Alipoelezwa alicheka kuliko mkewe, akasema Watanzania ni batu wa ajabu, wanakutoshea chakula na kukuuliza kama umeshiba.

Hadithi ile ilizunguka mtaa mzima. Watu walipokutana na baba walimwambia, "Mutanzania, usitutoshe," wakacheka, na baba alicheka nao. Miaka mitatu. Kila mtu kati ya nyumba yetu na ziwa alijua kwamba baba anajua maana ya lile neno.

Kisha likaja agizo kwamba miti ya kando ya barabara ya Nyundo ikatwe, ili asipatikane mtu wa kujificha na kuvizia magari. Mikaratusi mirefu ilikuwa imesimama pande zote mbili tangu kabla ya babu yangu kukimbia. Baba na jirani walipewa kipande chenye kona. Nyumbani hakuna aliyefurahi. Mama alisema ni kazi ya kwenda kusimama mahali ambapo watu wamekwisha kufa ili wengine wasife, na kwamba hesabu hiyo haijui. Lakini kazi nyingine haikuwapo, na waliokataa kukata waliulizwa kwa nini wanapenda vichaka. Baba alichukua kazi. Jirani alisema kama Mutanzania anaenda peke yake atajikata miguu, kwa hiyo naye akaenda.

Jumamosi walituruhusu watoto kuokota maganda na matawi kwa ajili ya kuni, kwa kuwa askari walikuwapo. Aliyetulinda alikuwa kijana aliyerudi kutoka Uganda, aliyetufukuza nyuma kwa Kiingereza. Hakuna aliyeelewa, lakini bunduki ilitafsiri. Asubuhi ile baba alikuwa ameniuliza, "Leo nani?" na nilikuwa nimesema Padri.

Lazima nikueleze jinsi mti unavyoangushwa, la sivyo hutaelewa. Upande unaotaka mti uangukie unakata pengo, kama mdomo uliofunguka. Kisha unakwenda nyuma na kukata kuelekea lile pengo, lakini hufiki. Unaacha kipande chembamba, kama bawaba ya mlango. Na kama mti una kichwa kizito kinachovuta nyuma, mwenzako anapigilia kabari, kipande cha mti mgumu kilichochongwa, katika ule mkato wa nyuma. Kabari ndiyo inayouzuia mti usikae chini, na ndiyo inayousukuma kidogo kidogo uende mbele. Jirani ndiye aliyechonga kabari zao. Alizipaka grisi kama fundi wa meli.

Mkaratusi wa kwenye kona ulitakiwa kuangukia barabarani. Kichwa chake kilitazama bondeni. Baba alikuwa amepiga magoti pembeni mwa shina na Padri ukinguruma, jirani amesimama nyuma upande wa bonde akigonga kabari kwa kisogo cha shoka. Mimi nilikuwa juu ya ukingo, maganda mapajani, karibu kiasi cha kuona jasho la baba. Naliona bado. Jirani aligonga, akagonga, na mti ukaanza kulia ule mlio wa ndani wa mti unaotaka kupasuka. Baba aliinua uso, hakuinua mkono, akapiga kelele juu ya injini. Alitaka kusema inatosha, usigonge tena. Padri ukala mwanzo wa neno. Kilichotoka kilikuwa mkia wake.

"Tosha! Tosha!"

Jirani alisita nusu pumzi. Nimeiishi ile nusu pumzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Naamini alijiuliza kwa nini, kisha akamwamini mtu aliyejua miti. Akaigonga kabari ubavuni mara mbili, ikatoka, kwa sababu alikuwa ameipaka grisi vizuri. Akasimama nayo mkononi akimtazama baba, kama mtu aliyeleta alichotumwa.

Mti ulikaa chini. Halafu ukaenda nyuma.

Sitakwambia zaidi ya hapo. Padri uliendelea kuhubiri chini, peke yake, hadi petroli ikaisha, kwa sababu baba alikuwa amesahau jinsi ya kuuzima.

Alasiri ile watu walijaa uani kwa jirani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, hajalia bado. Kiongozi wa sekta, konseye tulivyomwita, alisimama karibu naye. Baba alikuwa ameshasema lake kwa Kinyarwanda, kwamba lilikuwa kosa, kwamba alimwambia aache. Lakini masikio yake yalikuwa bado yamejaa injini na alizungumza kwa sauti kubwa mno, na mtu anayepayuka msibani haonekani mkweli. Mke wa jirani alinyoosha kidole kwangu. Aliniuliza taratibu tu, kwa Kiswahili: "Mutoto wangu, we ulikuwa pale. Baba yako alisema nini?"

Nilikuwa mtoto wa kwanza darasani kwa imla. Mwalimu alinisifu kwamba naandika kilichosemwa, si ninachodhani kimesemwa. Nilisimama wima.

"Alisema tosha," nilijibu.

Nilisikia uani kukiingia baridi. Baba aligeuka na kunitazama, akatikisa kichwa, si kukana, ni kama kukubali kwamba nimeandika vizuri. Alijaribu kueleza: tosha, inatosha, ni kitu kimoja. Mzee mmoja aliuliza, bila ukali, mtu aliyelicheka neno miaka mitatu anawezaje kusema halijui? Na ulikuwa wakati ambao kila kifo kilitafutiwa mwenye kukitaka. Mmoja alikuwa amerudi kutoka nje, mwingine alikuwa wa hapa. Kila mtu alijijazia mwenyewe yaliyobaki. Konseye alimchukua baba. Kasho, mahabusu ya sekta, ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa na watu wengi kuliko hewa.

Nyumbani nilijaribu kueleza. Nilitaka kumwambia mama kwamba nilisema kweli, kwamba neno ndilo lililosema uongo. Alikuwa anafunga chakula cha kupeleka kasho. Hakunitazama.

"Wewe," alisema, "umesema vya kutosha."

Nikanyamaza. Nilinyamaza wiki tatu, shuleni na nyumbani. Mama alikwenda na chakula na kurudi na sahani, na kutokana na sahani tulisoma hali ya baba: siku nyingine ilirudi tupu, siku nyingine kama ilivyokwenda. Watu walianza kurudi kutoka kasho na homa, na wengine hawakurudi. Mama aliacha kuimba jikoni. Misumeno ilining'inia ukutani, na kila nilipopita nilisikia ikiniuliza leo nani.

Mjane alikuwa ameweka meza ya sambaza kando ya barabara, maana alihitaji kula. Siku moja nilipotoka shuleni nilisimama mbele yake. Alikuwa anafukuza nzi kwa tawi. Nilimwambia kwamba nimekumbuka kitu. Nilimwambia kwamba baba aliposema lile neno alinyoosha kiganja, hivi, kama askari anayesimamisha gari. Nikamwonyesha. Kiganja cha kusimamisha hakina lugha mbili.

Aliutazama mkono wangu muda mrefu.

"Mukono gani?" aliuliza.

Nikasema wa kushoto.

Alifunika samaki wake kwa gunia, akafunga kitenge, akaenda kwa konseye. Sijui alichosema huko. Baada ya siku mbili baba alirudi, mwembamba, ndevu zimemea, masikio yake hayajapona na hayakupona tena. Akaingia uani, akanawa, akala, na mama alipouliza kama inatosha alikwenda nyuma ya nyumba na hatukumfuata.

Hakuwasha msumeno tena maishani mwake. Lakini, na hili ndilo watu hawakulielewa, kila Jumapili aliendelea kutandika kitenge. Aliifungua misumeno, akaisafisha, akapaka oili, akanoa kila jino mara tatu, akairudisha ukutani. Alifanya hivyo hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Ndiyo maana ile kumi na moja, siku nilipofungua stoo, chini ya vumbi ilikuwa inang'aa.

Mimi nilikwenda chuo kikuu nikasoma lugha. Sikupanga, nilichaguliwa, kama wasemavyo wanaoona aibu. Niliandika tasnifu kuhusu Kiswahili cha pande za Ziwa Kivu, na katika jedwali la maneno yenye maana mbili, baada ya kupima na kushinda, liko kutosha. Safu ya kwanza: kuwa kadiri ya mahitaji. Safu ya pili: kuondoa. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa penseli, "Mfano mzuri." Nilipata alama ya juu. Nilikula chakula cha kujipongeza, nikapakuliwa mara mbili.

Alhamisi mnunuzi wa vyuma alifika na mizani. Mama aliniuliza nimechagua nini. Nilichagua Bibi Harusi. Hakuuliza kwa nini si Padri, nilioupenda. Mnunuzi aliubeba Padri kwa mkono mmoja na kuutupa juu ya mingine, nao ukatoa sauti ya sufuria. Nilishangaa. Nilikuwa nimeukumbuka kuwa mzito.

Halafu nikavuka barabara. Mjane bado anaishi nyumba ileile. Amezeeka, ana miguu mibaya, kicheko kimerudi kidogo. Aliniita mutoto wangu na kunikaripia kwa kukonda, jambo ambalo hakuna mwingine duniani anayeweza kunituhumu nalo. Mikaratusi ya Nyundo imechipuka tena kutoka kwenye visiki, alisema, iko mirefu, niliiona? Niliiona. Alinipa sambaza za kukaanga. Hazikuwa na petroli, na nikaona zimepungukiwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nina umri wa kutosha kuungama. Nikamwambia: ule mkono wa baba, mama, sikuuona. Haukuwapo.

"Najua," alisema, akiendelea kutoa miiba.

Nikamwuliza alijuaje.

"Mume wangu alikuwa anarudi kila jioni anaimba wimbo ya baba yako. Mikono mbili, mikono mbili ku tronsonezi. Mi nilikuwa naisikia hata ku usingizi." Akanitazama. "Ulisema wa kushoto. Nikajua unadanganya. Lakini pia nikajua, mutoto hawezi kubuni vile kama baba yake alitaka kuua. Angenyamaza."

Niliuliza, basi kwa nini alikwenda. Alifikiri kidogo. Nje kulikuwa kunaingia giza la mvua kutoka Nyiragongo.

"Mwanaume mumoja wa hii barabara alikuwa amekufa," alisema. "Inatosha." Kisha akatabasamu, kidogo sana. "Hiyo ni ya kwenu. Ile ya maharage."

Upepo ulianza kupuliza, karatasi zikaruka uani, lakini mlango wake haukujifunga. Kitu kilikuwa kimeukaza chini. Nilikitazama kabla ya kukitambua. Kipande cha mti mgumu, kimechongwa upande mmoja, cheusi kwa grisi ya zamani na nyayo za miaka.

"Mvula iko nakuya," alisema mjane. "Tosha ile kipande ku mulango, ufunge."

Niliinama, nikaishika kabari kwa mikono miwili, nikaitosha.